Mlinzi Hakupiga Simu

Jumatatu saa mbili asubuhi Sista alifungua jokofu la chanjo, na mkono wake ukakutana na vuguvugu. Kipimajoto kilisoma kumi na tisa. Hakikutakiwa kuzidi nane. Swichi ya ukutani ilikuwa imejizima, na haikujulikana tangu lini.

Nje ya zahanati akina mama themanini walikuwa wamekwisha kupanga foleni, watoto mgongoni. Surua ilikuwa imeingia mtaani wiki iliyopita. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kuzikwa.

Chanjo iliyokosa baridi kwa saa chache ingeweza kuokoka. Iliyokosa kwa siku nzima ilikuwa maji tu. Mtu pekee aliyeshinda hapo tangu Ijumaa alikuwa mlinzi. Sista akakimbia getini.

Mlinzi alikuwa mzee wa kumzaa, na kwa miaka mitatu Sista alikuwa akimpita kama anavyopita ukuta. Salamu aliiona kuwa upotezaji wa muda. Lakini sasa maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama juu hadi chini. "Leo jua limechomoza upande gani?"

"Jokofu limezima, baba. Uliona chochote?"

"Niliona. Nikizunguka jengo huwa nachungulia dirishani. Taa yake ya kijani haikuwa inawaka."

"Lini? Sema jana jioni, baba yangu, nakuomba."

"Jumamosi, saa nne asubuhi. Nimeandika kwenye daftari la lindo."

"Jumamosi! Na hukunipigia simu?"

"Nilikupigia siku ile bomba lilipopasuka," mzee alisema taratibu. "Kesho yake ukaniambia mbele ya watu, 'Wewe kazi yako geti. Siku yangu ya mapumziko usinipigie hata paa likiungua.' Watu wakacheka, na wengine ni wajukuu zangu kwa umri. Basi Jumamosi nikaishika simu, nikaiweka. Nikaishika tena. Nikajiambia, labda mafundi wamelizima kwa kazi zao." Akainamisha kichwa. "Nami nilikosa, Sista. Mjukuu wangu yumo kwenye foleni ile."

Sista akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Andika jana, baba. Futa Jumamosi, andika jana jioni. Nitawachanja wote. Nani atajua?"

"Surua itajua."

Sista akamwachia mkono.

Waliiendea foleni pamoja. Sista alizoea kuwaambia watu hawa "Nyamazeni" na "Mwingine!" Sasa alitafuta pa kuanzia, asipaone. "Samahani," alisema, na sauti yake haikumfika hata mtu wa tatu.

"Mama zangu, poleni kwa kusubiri," mlinzi alipaza sauti. "Msikilizeni Sista."

Kelele zikatulia. Sista akawaambia yote: chanjo zimeharibika, nyingine zitaletwa Alhamisi, na uzembe ni wake.

Mama wa mbele alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. "Sisi tunapakana ukuta na nyumba ile iliyofiwa mtoto," alisema. "Alhamisi ni mbali, mwanangu. Huna hata moja iliyo nzima?"

"Sina, mama."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia vizuri. Kisha akaketi palepale kizingitini kuingoja Alhamisi, na nyuma yake, mmoja mmoja, foleni nzima ikaketi.