Benchi la Majina ya Zamani

Siku ya pili ya Januari 1979, saa mbili na nusu asubuhi, Qiu Wenlan alitia makaa kwenye jiko la chumba cha tatu, akapasha vidole joto, kisha akavuta droo ya majina. Mlikuwa na kadi mia mbili na kumi na nne, kila moja ina jina la kiongozi kwa herufi za Kiingereza, likiwa limeandikwa kwa namna waliyoibuni wageni miaka mia moja iliyopita. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kuanzia mwaka huo majina hayo yaandikwe kwa namna yake yenyewe. Kazi ya Wenlan, mpiga chapa wa siku nyingi katika idara yetu ya vitabu vya lugha za kigeni hapa Beijing, ilikuwa kupiga kadi mpya, kuipeleka igongwe muhuri, kisha kuichana ya zamani.

Alipoinua macho, viongozi marehemu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi la korido. Walikuwa ishirini, wamevaa makoti ya pamba, wamejipanga kama wagonjwa wa zahanati. Walio hai hawakuja. Walikuwa na mikutano. Mama Fang, anayegawa maji ya moto, aliwahesabu kwa kidole na birika lake mkononi.

"Ishirini! Na majani ya chai ya mwezi mzima ndiyo haya. Hawa wazee hawakuweza kuja kwa zamu?"

"Wape maji matupu," alisema Wenlan. "Wamezoea."

Kila kadi ya zamani ilipochanwa, mwenyewe alisimama, akafunga vifungo vya koti, akashuka ngazi, akaenda zake. Mmoja alirudi kuchukua kofia. Kufikia Alhamisi benchi lilikuwa na mtu mmoja tu, mzee mwembamba aliyekaa pembeni kabisa, magoti pamoja. Kuanzia pua hadi kidevu alibandikwa ukanda wa karatasi nyeupe.

Wenlan alikuwa amemwona tangu siku ya kwanza. Alikuwa baba yake.

Qiu Boxiang aliwahi kuwa naibu waziri wa mabwawa. Alikataa kutia sahihi kwamba tuta fulani la mto limekamilika, kwa kuwa halikuwa na mawe ndani. Mwaka uliofuata tuta lilipasuka, vijiji vitatu vikazama, naye akashtakiwa kwamba maneno yake ndiyo yaliyolipasua. Barua ya mashtaka iliandikwa na karani wake, Lü Zhaokun, ambaye leo ndiye mkurugenzi wa idara yetu.

Enzi hizo kiongozi akianguka, jina lake lilifunikwa kwenye vitabu. Ukanda wa karatasi ulibandikwa juu ya jina, nakala moja baada ya nyingine, na kitabu kikaendelea kuuzwa. Mwaka 1967 Wenlan aliambiwa amfunike baba yake kwa mkono wake, ili ionekane kwamba amekata uhusiano. Vitabu vilikuwa elfu tatu na mia sita. Alipika gundi ya unga wa ngano mwenyewe, akaipika nzito ili ishike. Majira ya baridi yale baba yake alifia katika stoo ya makaa alikofungiwa, na Wenlan hakwenda kuchukua majivu ya mwili wake uliochomwa. Aliona aibu, na aliogopa zaidi kuliko alivyoona aibu.

Sasa alitafuta kadi ya baba yake, akaikuta nyuma kabisa ya droo, imesahauliwa: Ch'iu Po-hsiang. Kwenye orodha ya majina mapya hakuwamo. Orodha ilikuwa ya waliosafishwa tu, yaani waliofutiwa mashtaka. Akapiga kadi mpya hata hivyo, akaenda nayo ofisini kwa mkurugenzi, ambako muhuri hukaa ndani ya kabati lenye kufuli.

Mkurugenzi Lü alimkaribisha kiti, akammenyea chungwa.

"Ndugu Qiu, kesi ya mzee bado inachunguzwa."

"Inachunguzwa na nani?"

"Na mimi," alisema Lü kwa upole. "Faili liko hapa hapa. Ni faili zito, haliendi mbio."

"Mkurugenzi, mzee yuko kwenye benchi tangu Jumanne. Hawezi hata kunywa maji."

"Nimemwona. Tumesalimiana, yaani, mimi nimemsalimia." Akasukuma vipande vya chungwa mbele yake. "Dada yangu, hebu tazama. Sasa wewe unaandikwa Qiu, yeye anaandikwa Ch'iu. Mgeni akisoma Kiingereza hawezi kujua kama mna undugu. Si nafuu kwako?"

Wenlan hakugusa chungwa. Wahenga walisema aliyeshika mpini hakatiki, na Lü alikuwa ameshika mpini, faili na ufunguo wa kabati. Kumsafisha mzee kungekuwa kuichafua barua yake mwenyewe.

Alirudi korido na bakuli la maji ya uvuguvugu na kitambaa. Kwa miaka kumi na moja hakuwa amelitamka neno alilolisema sasa.

"Baba," alisema. "Vumilia kidogo."

Alilowesha ukanda, akaubandua taratibu. Chini yake palikuwa na ukanda mwingine. Alipojaribu kuutoa na huo, ulikuja na ngozi, na mzee akafumba macho.

"Wewe, utamuumiza!" alisema Mama Fang. "Mmoja kwa siku unatosha. Ulibandika ngapi?"

"Elfu tatu na mia sita."

Mama Fang alitazama dari, akihesabu. "Basi, kazi ipo."

Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kengele ya kufunga kazi, Wenlan alibandua ukanda mmoja. Alitaka kusikia jambo moja tu: kama baba yake alijua ni mkono wa nani. Nyuma ya karatasi midomo ilicheza, na wakati mwingine ilitoka sauti kama ya mtu anayeongea chumba cha pili. Aliinamisha sikio. Neno halikushikika.

Mwaka wa nne Mkurugenzi Lü alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Jina lake lilitoka gazetini kwa tahajia mpya, bila kosa hata moja, na hakuja kwenye benchi. Mrithi wake alilifungua kabati, akaukuta muhuri, akasoma kwamba kesi bado inachunguzwa, akalifunga.

Wenlan alistaafu mwaka 1987, akiwa na miaka hamsini na mitano. Siku ya mwisho alilowesha kitambaa, akabandua ukanda wa elfu mbili na mia nne, akamfuta mzee kidevu. Kisha akajaza daftari la makabidhiano: mashine ya chapa, moja; tepe za wino, mbili; ufunguo wa droo, mmoja; mzee wa kwenye benchi, ukanda mmoja kwa siku, maji yasiwe ya moto, zimebaki elfu moja na mia mbili.

Mpiga chapa mpya alisoma mstari kwa mstari.

"Huyu mzee ni nani wako?" aliuliza.

Wenlan alitazama benchi. Mzee alikuwa amemgeuzia uso, magoti pamoja, anangoja jibu.

"Ni baba yangu. Mimi ndiye niliyembandika."

Midomo ilicheza nyuma ya karatasi kwa muda mrefu. Mpiga chapa mpya akatia sahihi.