Joselyne Atua Mzigo

Asubuhi ya soko, Joselyne alitua gunia la muhogo pembeni mwa uwanja wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, akavua mkanda wa kubebea uliomkaa kwenye paji la uso tangu shambani.

Kocha Wilfried alikuwa ametoka Bukavu kuchagua msichana mmoja wa timu ya voliboli. Alitandika mkeka mweusi wenye waya uliofika kwenye kompyuta. Ukiruka, mashine inapima muda ambao miguu iko hewani, na kwa uzito wako inatoa nguvu ya misuli. Vanessa, binti wa hapohapo Baraka, aliruka vizuri, akapigiwa makofi.

Joselyne aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Tangu utotoni alikuwa hajaruka hata mara moja, maana mzigo haukubali. Akakunja magoti, akaruka, akalipita paa la kanisa, akabaki huko.

"Ule iko na miguu," akasema Sixte, mume wa shangazi yake, aliyekuwa amekaa ukutani na wanaume wenzake.

Mashine iliendelea kupima. Joselyne aliliona ziwa lote, rasi ya Ubwari, na ng'ambo milima ya Burundi, ambako wazazi wake walitoka wakikimbia kabla hajazaliwa. Ilipendeza mno, machozi yakamtoka.

"Unaona nini kule?" shangazi Renilde akaita.

"Naona kwetu, shangazi! Iko karibu!"

Renilde akajifuta macho kwa kitenge.

"Shuka, mama," kocha akasema kwa upole. "Mashine inangoja miguu."

Akajaribu, akashindwa, hakuwa na kitu cha kumvuta chini. Renilde akafunga kamba kwenye gunia, akamrushia ncha yake. Joselyne akalivuta gunia hadi mgongoni, akavaa mkanda, akashuka taratibu mpaka mkekani, akalitua. Namba zikajaza kioo chote.

"Unaenda Bukavu," Wilfried akasema.

"Na muzigo itabebwa na nani?" Renilde akauliza. Akainama kulinyanyua gunia, lakini mgongo wake ulishakwisha zamani kwa kazi hiyo hiyo.

"Muzigo ni ya bamama," Sixte akajibu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini siku ile hakuna mwanaume aliyetaka kuhakikisha. Basi Wilfried akamchukua Vanessa badala yake.

Joselyne akajitwika gunia, akakaza mkanda, akaelekea sokoni. Wanaume wote wakasimama kumpisha, wakiitazama miguu yake kwa heshima kubwa, na hakuna aliyempokea mzigo.