Mlango Uliotoka Chooni

Mlango wa stoo yetu ya jikoni ulianza maisha yake chooni. Sitanii. Kabla mimi sijazaliwa, Baba na fundi wake wa enzi hizo walikuwa wanatengeneza makabati ya jikoni, mbao zikawaishia wakiwa wamebakiza stoo tu. Choo cha nje kilikuwa kimebomolewa wiki hiyohiyo, na mlango wake ulikuwa umekaa bure. Ukapachikwa. Wa kijani, kitasa cha chuma kilichochubuka, bawaba zinazolia kama mbuzi anayedai haki yake. Makabati mengine yote yalikuwa ya rangi ya maziwa, yamejipanga kwa adabu, halafu katikati yao yupo huyo.

Mama hakuwahi kuusamehe. Mgeni akielekezwa choo mkono wa kushoto, anajikuta anatazamana na gunia la mchele.

"Usijali, shemeji," Mama alimwambia mmoja. "Wewe siyo wa kwanza. Ila ni wa kwanza kubisha hodi."

Kisha anamgeukia Baba. "Mlango huu wa choo utaniondolea lini?"

"Wiki ijayo, mke wangu."

Nimekua nikiisikia hiyo wiki ijayo mpaka ikawa kama ndugu yetu anayeishi mbali, anayetajwa kila siku na haji.

Halafu Mama akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka pamoja. Chumvi iko kwenye friji, miwani iko kwenye jagi. "Kasuku," alinipigia siku moja, na Kasuku ndiye mimi, jina alilonipa mwenyewe kwa sababu ya mdomo wangu, "hebu niambie simu yangu nimeiweka wapi." Nikamwambia aangalie sikioni. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini ikafika siku akapotea akitoka kwa jirani, tena jirani wa ukuta mmoja, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Daktari alituambia ugonjwa huo haurudi nyuma, na utaendelea taratibu. Mimi nilisikia "haurudi nyuma". Baba alisikia "taratibu".

"Kumbe muda upo," aliniambia tukiwa kwenye korido ya hospitali. "Nataka auone ule mlango mpya. Auone akiwa bado anajua kwamba ni mimi niliyemwekea."

Ndiyo tukaenda kwa seremala. Mtaani wanamwita Milimita, kwa sababu hana habari na sentimita. Baba alikuwa amefungua droo moja ya jikoni na kuikumbatia njia nzima ndani ya taulo, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Milimita akaitoa nje, akaiweka juani, akapanga vipande vyake vya sampuli pembeni.

"Hizi rangi zako zimekula mvuke miaka na miaka," alisema. "Nikikupakia maziwa mapya, mlango utajitangaza. Lazima niyachachushe kidogo."

"Yachachushe," Baba akasema.

Sijawahi kumwona Baba akichagua kitu hivyo. Shati hanunui bila Mama, lakini siku hiyo aliinama, akafumba jicho moja, akakataa kipande baada ya kipande. Mlango uwe na fremu ileile ya makabati. Mistari yake ikutane na mistari ya majirani zake, kulia na kushoto. Ule ubao wa chini unaogusa sakafu upite moja kwa moja, usikatike. Bawaba zijifiche kwa ndani.

"Na kishikio?" Milimita aliuliza.

"Bila kishikio inawezekana?"

"Inawezekana. Unausukuma kwa kidole, unajifungua wenyewe."

"Basi bila."

"Baba," nikasema, "mwizi akiingia jikoni kwetu atakufa njaa."

Milimita akacheka. "Mlango wa namna hii ukitoka vizuri, binti, hata mwenyewe unauliza uko wapi."

Baba naye akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu tutoke kwa daktari, kwa hiyo nikaongeza utani mwingine, na mwingine, ili asiache.

Katika mambo yote hayo hatukujiuliza jambo moja. Mama alikuwa anapotea sebuleni, anapotea barazani, lakini jikoni alikuwa hapotei. Aliingia huku akiimba chini chini, mkono ukatangulia wenyewe kwenye kile kitasa kilichochubuka, mbuzi akalia, akatoka na unga kwenye bakuli, kiasi kilekile. Jikoni alikuwa Mama yuleyule, na ulimi uleule.

Siku ya kupachika tulimpeleka kwa jirani. Milimita alimaliza, akapitisha kiganja ukutani kuanzia kabati la kwanza hadi la mwisho, na kweli, ungedhani ni ukuta mmoja wa mbao. Mlango wa kijani tukautoa nje, tukauegemeza kwenye ukuta wa uani. Baba akabadilisha shati. Akaenda kumchukua Mama akimshika mkono.

Mama alisimama mlangoni mwa jiko. Akatazama kila upande, polepole.

"Pazuri," alisema. "Wenyewe wako wapi?"

"Ndiyo kwetu hapa," Baba akasema. "Angalia." Akaugusa mlango kwa kidole, ukafunguka bila sauti, gunia la mchele likaonekana. Mama akatabasamu, kama mtu anayetazama mazingaombwe. Baba akaurudisha. Stoo ikatoweka, na tabasamu likaenda nayo.

"Asanteni," Mama akasema. "Mimi niende sasa, kwangu wananisubiri."

Kesho yake nilimkuta anapapasa makabati. Anafungua hili, sahani. Anafungua lile, sufuria. Anafunga kwa adabu, kama mtu aliye jikoni kwa watu. Nilimfungulia mlango, nikamwonesha pa kusukuma, nikamshika kidole chake nikasukuma nacho. Aliitikia kila kitu. Nilipogeuka kuzima jiko akaanza tena mwanzo, sahani, sufuria. Zile nyimbo zikakoma. Baada ya muda akawa anaketi sebuleni na mkoba mapajani, anasubiri kupelekwa kwake.

"Atazoea," Baba alisema.

"Baba."

"Nimesema atazoea, Kasuku. Miaka yote hii aliutaka."



Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, tukagundua Mama hayupo kwenye kiti chake. Nikatoka uani mbio. Alikuwa amesimama mbele ya ule mlango wa kijani ulioegemea ukuta, bakuli kwapani, anazungusha kitasa. Anavuta. Anazungusha tena. Nyuma ya mlango ni tofali tupu.

Aliponiona akajiweka sawa kanga yake.

"Samahani, dada," aliniambia. "Hebu nisaidie. Nadhani wamenifungia stoo yangu kwa ndani."

Hilo dada alilisema kwa heshima kabisa, kama ninavyosema mimi nikiomba njia.   Nikashika kitasa naye, tukavuta wote wawili.

Baba alikuwa dirishani. Nilimwona anaweka kikombe chini, kisha sikumwona tena. Tuliporudi ndani alikuwa amepiga magoti jikoni na bisibisi, anafungua bawaba alizotaka zijifiche. Hakuniangalia.

"Lete ule mwingine," alisema.

Tuliubeba wawili. Mlango mpya aliuvika shuka, akausukumia chini ya kitanda chao. Wa kijani ukarudi mahali pake, umepinda kidogo, kwa sababu Baba si Milimita. Alikuwa bado anakaza skrubu ya mwisho Mama alipoingia na bakuli lake. Akasimama. Akautazama mlango kuanzia juu hadi chini, na uso wake ukarudi wenyewe, na ile midomo ya kukebehi.

"Aa, fundi," akamwambia Baba. "Mume wangu ndiye kakutuma? Uje uniondolee huu mlango wa choo?"

Baba alibaki na bisibisi mkononi. Nilitaka kumjibia, akanionesha kwa kichwa nikae.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni yeye."

"Utauondoa lini?"

Baba akageukia skrubu yake.

"Wiki ijayo."

Mama akacheka, kicheko kile cha zamani kabisa, mpaka akashika ukingo wa meza.

"Basi kweli umeongea naye," alisema. "Hivyohivyo ndivyo anavyosema."

Akashika kitasa, mbuzi akalia, akaingia kuchota unga.