Chaza wa Kuonja

Habari hii nilipewa na fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwaka jana wakati wa baridi, akinipima gauni na mimi nimesimama mikono juu kama mwizi aliyekamatwa. Alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alisimulia vipande vipande. Mimi nimeviunga kama nilivyoweza.

Wakati yanatokea haya fundi alikuwa mkamwana mpya. Mumewe ni dereva wa lori, na harusi haijapoa akapata safari ya mbali, akamwacha mkewe kwa mama yake na dada yake. Huyo dada, wifi yake fundi, alikuwa msusi. Mama mkwe alikuwa akipasua magamba ya chaza kwenye banda la karibu na mlango wa mto na kuwauzia wapishi wa hoteli. Huko kazini walimwita Mama Kisu.

Jiko la nyumba ile lilikuwa la mama mkwe. Fundi kazi yake kumenya vitunguu na kuosha vyombo. Akigusa mwiko tu, mama mkwe anasema, "Weka chini mwanangu, utaungua," kwa upole ambao huwezi kubishana nao. Hadi jioni moja akarudi amechoka, akajitupa kwenye kiti, akasema, "Leo pika wewe."

Basi. Fundi aliona kama amekabidhiwa funguo za nyumba.

Akapika wali na maharage. Mama mkwe ana presha, hali chumvi, kwa hiyo akamtengea maharage yake kwenye sufuria dogo. Wakala. Mama mkwe akafuta mdomo, akasema, "Umejitahidi." Kwa mama yule, hiyo ni sawa na kushangiliwa na uwanja mzima.

Alfajiri yake fundi aliamshwa na mlango wa choo. Unafunguka, unafungwa, unafunguka tena. Alidhani ni wifi anawahi kazini. Kumbe ni mama mkwe. Alimkuta amekumbatia ndoo, jasho linamtiririka, macho yameingia ndani.

"Mama, vipi?"

"Tumbo," akasema. "Tumbo limenigeuka."

Wifi akatokea, akamwangalia mama yake, akamwangalia fundi, halafu akautazama mlango wa jikoni.

"Ulimpikia nini?"

"Maharage, wifi. Si tumekula wote?"

"Sisi tumekula ya sufuria kubwa. Mama kala ya dogo. Ulitia nini humo?"

"Sikutia kitu. Hata chumvi sikutia."

"Sasa mbona mimi mzima?"

Swali hilo likaingia kichwani mwa fundi likakataa kutoka. Kweli, mbona wao wazima? Akaenda jikoni, akainamia sufuria dogo. Yalikuwa yamebaki maharage kidogo chini. Akayanusa. Akayanusa mpaka akasahau maharage huwa yananukaje. Labda hayakuiva. Labda sufuria lilikuwa na sabuni. Aliliosha? Aliliosha. Au lile aliloosha ni jingine? Akakumbuka kopo la dawa ya mende, rafu moja na kopo la mafuta, na vifuniko vinafanana. Akaenda kulitazama: limefungwa, limejaa vumbi. Lakini akaanza kujiuliza kama hilo vumbi lilikuwepo jana.

Akachukua kijiko, akayala yale maharage yote, amesimama.

"Unafanya nini wewe?" wifi akapiga kelele.

"Nataka kujua."

"Sasa ukifa na wewe, nani ataniambia ulichotia?"

Wakamshika mama mkwe huku na huku, wakampeleka zahanati. Njiani tumbo la fundi likaanza kunguruma. Hakujua ni sumu, ni hofu, au ni maharage yaliyolala, asubuhi asubuhi. Kila liliponguruma wifi alimgeukia. Fundi hakujua aombe limuume au lisimuume. Likimuuma, basi ni yeye aliyemtilia mama sumu. Lisipomuuma, wifi atasema sumu inamjua mwenyewe.

Nesi alikuwa mtu mzima, miwani imeshuka puani.

"Mama, umekula nini tangu jana?"

"Asubuhi chai na mkate. Jioni wali na maharage."

"Na nini kingine?"

"Hakuna."

"Hata tunda?"

"Nimekwambia hakuna, mwanangu. Ni maharage ya huyu." Akamwonyesha fundi kwa kidevu. Wala hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipomuuma fundi zaidi.

Nesi akamtundikia dripu. Wifi akatoa simu. "Nampigia kaka. Lazima ajue ametuletea mtu gani nyumbani."

Fundi akaegemea ukuta. Alijua mumewe ataambiwa maneno hayo akiwa mbali, ayatafune njia nzima, na akirudi atakuwa ameshayameza.

Simu haijapokelewa, mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mkubwa, amejikunja, aproni nyeupe bado iko kiunoni. Alikuwa mpishi wa hoteli, mnunuzi wa siku nyingi wa Mama Kisu. Akajibwaga kwenye benchi.

Mama mkwe akafumbua jicho moja. "Heh! Mpishi! Na wewe umekula maharage ya mkamwana wangu?"

"Maharage gani, Mama Kisu? Niache, nakufa."

Wifi akashusha simu. Fundi akamtazama huyu, akamtazama yule. Mtu huyu hajawahi kukanyaga kwao, hata mlango wao haujui. Sasa maharage yamemfikaje?

"Kaka," akauliza kwa sauti ndogo, "wewe na mama mlionana lini?"

"Jana asubuhi, bandani. Nilifuata kikapu changu."

"Mkala nini?"

"Hatukula kitu. Tulionja tu."

Nesi akageuka. "Mlionja nini?"

Ndipo ikatoka. Pale bandani kikapu kikifunguliwa, muuzaji anapasua chaza mmoja na kummeza mbichi, palepale, mbele ya mnunuzi, halafu mnunuzi anameza wa pili. Ndivyo wanavyoaminiana. Mama Kisu amefanya hivyo tangu usichana wake, kila kikapu.

"Mama," nesi akasema, "si nimekuuliza umekula nini!"

"Ile ni kazi, si chakula!" Mama mkwe akajiinua na dripu yake. "Wewe fundi, hebu waambie. Ukilamba uzi uupitishe kwenye sindano, umekula uzi?"

Fundi hakujua anategwa au anaombwa msaada.

"Mvua hizi mitaro imefurika," nesi akasema. "Maji machafu yote yanaishia mtoni, na chaza anakunywa hayohayo. Halafu mnammeza hata moto haujamgusa!"

"Chaza wangu hawana ubaya," mama mkwe akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Kama kosa si la maharage, ni la chaza, na kama ni la chaza, nani atanunua tena kwa Mama Kisu? Akamtazama fundi. Fundi alitaka lawama imtoke, na papo hapo akamwonea huruma yule mama, mpaka asijue anaomba nini.

Mpishi akatapika kwenye ndoo.

"Mpishi," mama mkwe akamwita, "chaza wangu umeshawapika?"

"Bado. Wako kwenye barafu."

"Wamwage." Akamgeukia binti yake. "Nawe weka simu hiyo. Nenda bandani, waambie chaza wa jana wasiende mezani kwa mtu. Wakiuliza nani kasema, sema mimi."

"Na kaka nimwambie nini?"

"Mwambie mama yake kameza chaza mbichi. Mkewe hana neno."

Wifi akatoka. Alipompita fundi akamgusa bega. Mpaka leo fundi hajui kama ile ilikuwa samahani au alikuwa anaomba njia.

Kesho yake mchana wakarudi nyumbani. Mama mkwe akalazwa kitandani, akataka uji.

"Nipike mimi?" wifi akauliza.

"Apike huyu. Na mtu asimsimamie."

Akaunywa wote. Halafu akasema, "Mvua zikikatika, nikionja mmoja tu..."

"Mama!" wakapiga kelele wote wawili.

"Nauliza tu jamani."

Akageukia ukutani, akasinzia. Wifi naye akapitiwa kwenye kiti, mdomo wazi. Fundi akabaki chini, karibu na kitanda, kikombe mkononi. Akajaribu kupanga mambo kichwani. Amesamehewa? Kwani alikosa nini? Na mbona anataka kulia sasa, wakati yamekwisha? Akasema ngoja aoshe kikombe kwanza, halafu afikiri vizuri. Akanyoosha mguu ili ainuke, akaegemeza kichwa kitandani kidogo tu, na usingizi ukamchukua.