Picha Ambayo Subilaga Hakuifuata

Mtu mzima kukwama ndani ya nyumba isiyofungwa ni kichekesho, lakini Elina hakucheka. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa, kuku wanaingia na kutoka watakavyo. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha ndani, mkoba begani, viatu mkononi, hawezi kusogea. Sebuleni alikuwa amekaa baba mkwe wake.

Msiojua mambo ya Wanyakyusa mtasema, si apite tu, amsalimie mzee, aende zake? Thubutu! Huku Masoko bado kuna nyumba zinazoshika mila ya kutila, na ya mzee Ambindwile ndiyo kinara. Mke wa mwana hamtazami mkwe wake, wala mkwe hamtazami yeye. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke anaingia migombani. Hawasemeshani, neno likiwepo linapitia kwa mama mkwe. Vijana wengi wameshaiacha, lakini Ambindwile alisema yeye atakufa nayo. Siku ya harusi Elina alikuwa chini ya shela na mzee akatazama kando. Tangu hapo ni miaka, anamfulia mashati, anampikia, anakijua kikohozi chake kuliko cha mumewe, na hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Kwa kawaida Esnath, mama mkwe, ndiye trafiki wa nyumba. Anapaza sauti, "Baba Erasto, hebu katazame ng'ombe!" Mzee anatoka, Elina anapita. Lakini leo Esnath alikwenda msibani Kisiba, na Erasto mwenyewe, mume wa mtu, yuko njiani na lori la ndizi. Mzee alikuwa shambani, na laiti angebaki huko! Ila mvua ya huku haipigi hodi. Ilishuka Elina akiwa anavaa, mzee akarudi mbio, akavuta kiti hadi mlangoni penye mwanga, akapakata ungo na kuanza kuchambua maharage.

Elina akakohoa. Ndiyo desturi, ukikohoa mzee anajua uko ndani, anakupisha. Lakini nani atasikia kikohozi chini ya bati linalopigwa na mvua ya Rungwe? Alikohoa mpaka koo likamwuma. Wapi! Mzee alijua mkwewe ameaga kwenda Tukuyu, akaamini ameshakwenda.

Na safari yenyewe haikuwa ya kuahirisha. Elina hukusanya picha za zamani, na si picha zozote, ni zile za watu walioshika mwanasesere au kidude cha kuchezea. Zamani ukienda studio, mpiga picha hakuachi mikono mitupu. Atakupa ua la plastiki, simu isiyo na waya, gari la bati, na kama ni mwanamke, mwanasesere wa Kizungu mwenye nywele za njano. Kuna wanaume wazima na ndevu zao wameshika kigari, wamekaza nyuso kama wanaapishwa! Elina anazifuata nyumba kwa nyumba, anabadilishana kwa sukari, anazipanga kwenye kopo la biskuti. Watu wakasema. Mwanamke hana mtoto, anakusanya wanasesere, unategemea nini? Esnath alimwambia waziwazi, "Hao wa plastiki ndio wanaomzibia njia wa kweli." Lilimchoma neno hilo, lakini hakuacha.

Hawakujua anamtafuta nani. Mama yake, Subilaga, alifariki Elina akiwa bado ananyonya. Alilelewa Chunya na shangazi ambaye hakumpenda marehemu wala hakutaka atajwe. Mara moja tu shangazi alipitiwa, akasema, "Mama yako alipigwa picha Tukuyu, studio ya yule Mswahili, kashika mwanasesere. Hata hakuifuata." Picha nyingine haipo popote. Elina hakuujua uso wa aliyemzaa.

Studio hiyo iko mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu. Mwenyewe, Fikirini, alishafariki, na mjane wake, Bimdogo, miaka yote alikataa kufungua magunia ya picha zisizofuatwa. "Hizo amana za watu," alikuwa akimjibu Elina kila alipokwenda kumbembeleza. Sasa chumba kimepata mpangaji, na Bimdogo ameamua kuzichoma, maana sura za watu hazitupwi jalalani. Amemruhusu Elina jambo moja tu. Aje leo azipekue, amchukue mama yake, na baada ya swala ya alasiri zilizobaki zitiwe moto.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Hasheem, mtoto wa Bimdogo. Elina akajifunika blanketi kukwepa kelele za bati.

"Dada Elina, uko wapi? Alasiri hiyo inaingia."

"Nimekwama, kaka yangu. Niwekee wote walioshika mwanasesere."

"Dada, humu kila mwanamke kashika mwanasesere! Na Mama kakaa hapahapa, anasema asiyemjua mtu wake asichukue wa mwenzake. Wewe mwenyewe utamjuaje?"

"Damu itaniambia," Elina alisema, na akaona jinsi neno hilo lilivyo jepesi.

Mvua ikapungua. Sasa kikohozi kingesikika! Akachungulia kwanza pembeni ya pazia, akakohoa tena na tena, wapi! Mzee amelala fofofo, ungo mapajani, na miguu yake mirefu ameinyoosha kukatiza mlango wote.

Sasa jamani. Kumtazama mkwe ni kosa. Kumruka miguu mkwe aliyelala, hilo hata jina halina. Mlango wa uani ulipigiliwa mbao baada ya wezi kubeba redio. Dirisha lina nondo. Elina alizishika zile nondo akalia. Alimlaumu Erasto kwa kumwoa, akawalaumu wote waliotunga mila kisha wakafa wakaziacha. "Mimi ni mtu au ni panya?" Hasira ikamzidi aibu. Akapandisha kitenge hadi magotini, akatoka.

Mguu wa kwanza aliuruka vizuri. Wa pili, kitenge kikanasa kwenye ungo, maharage yakamwagika sakafuni, na mzee akafumbua macho.

Wakatazamana.

Elina alingoja laana. Mzee alikodoa macho kama aliyeona maiti inatembea, halafu akajifunika uso kwa viganja na kugeukia ukuta.

"Subilaga," akasema.

Elina akaganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mimi ni Elina, baba." Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kumwambia.

"Najua wewe ni mke wa Erasto," mzee aliuambia ukuta. "Lakini uso huo ni wa Subilaga, tuliyekuwa tukichuma naye chai. Ni huohuo! Hujapunguza, hujaongeza."

"Ni mama yangu."

"Miaka yote hii umo nyumbani mwangu," mzee akasema, "na mimi najifunika."

Simu ikaita tena. "Dada, Mama ameshaagiza mafuta ya taa," alisema Hasheem.

"Hasheem, unaujua uso wangu?"

"Swali gani hilo? Umetusumbua hapa miaka mingapi?"

"Basi nitafute mimi humo. Nitafute mimi nimeshika mwanasesere."

Akangoja palepale kizingitini, amempa mzee mgongo, mzee naye ameupa mgongo mlango. Muda ukapita, mrefu wa kumtesa mtu, ndipo simu ikalia na picha ikaingia. Hasheem aliandika chini yake: *Mama kaiona, kasema hii haina ubishi, uje uichukue.*

Alikuwa yeye kabisa. Kipaji chake, kidevu chake, masikio yake yaliyotokeza, na mwanasesere amelazwa begani kama mtoto anayecheulishwa. Elina alilia kwa sauti, hakujali nani anasikia.

Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Ndiye huyu, baba?"

Mzee akaipokea simu. Kutazama picha hakukatazwi. Picha si mkwe. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama atakavyo, akacheka, akasema, "Ndiye, ndiye! Mama wee, na hapo tumboni ulikuwa wewe."

Elina alimsikiliza akicheka na uso ule. Alifurahi kumpata mama yake kuliko alivyowahi kufurahi maishani, na hapohapo akamwonea wivu marehemu, anayetazamwa waziwazi. Barabarani sauti ya Esnath ilikuwa inakaribia, anaagana na wenzake wa msibani. Elina akaokota maharage upesi upesi, macho chini, akarudi nyuma ya pazia kungoja mama mkwe ampitishe.