Kona Kumi na Nane

Alipofika kazini, kona kumi na nane zilikuwa zimeshapangwa mezani kwake. Ndiyo desturi ya idara: mchoro ukikamilika, karatasi zake hulazwa moja juu ya nyingine, kila moja ikichungulia kidogo chini ya mwenzake, ili kionekane kisanduku cha majina tu. Mkubwa hutia sahihi kona baada ya kona. Hafunui kitu. Kufunua na kukagua ni kazi ya wadogo.

Kwa miaka ishirini na miwili mdogo huyo alikuwa yeye. Alikuwa mwanamke wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo, picha yake ikatoka gazetini, kisha akapewa meza iliyopakana na choo cha wanaume. Cha wanawake hakikuwapo, nani angekijenga? Alichora shule, mahakama na soko. Kwenye visanduku vyote hivyo aliandikwa kwa herufi mbili tu za jina lake mbele ya neno "mchoraji", na nafasi ya msanifu ikajazwa jina la mwanamume ambaye pengine hakujua hata ngazi za jengo ziko upande gani. Walimwita Mama Rula. Alicheka nao, maana angefanyaje?

Mkuu wa idara aliingia akitabasamu. Alikuwa mume wa mdogo wake. Hesabu za mihimili alifundishwa na mwanamke huyuhuyu, enzi za uchumba.

"Shemeji, leo ndiyo siku yako," alisema. "Wodi ya wazazi inafunguliwa Jumatatu na faili haina sahihi. Nimewaambia, kwenye nafasi ya msanifu haliingii jina jingine."

Wodi ile aliifikiria miaka miwili. Madirisha yake aliyashusha hadi usawa wa macho ya mtu aliyelala, ili mzazi aone nje bila kuinuka. Lakini ilipokuwa ikijengwa hakuiona hata mara moja. Gari la idara lilikuwa la wakubwa.

"Ngoja nizipitie kwanza," alisema, akishika karatasi ya juu.

"Upitie nini, na umezichora mwenyewe? Waziri anazisubiri saa nne. Au nitie sahihi mimi, kama kawaida?"

Hiyo "kama kawaida" ndiyo iliyommaliza. Alitia sahihi kona zote kumi na nane. Inaniuma kulisema hili, lakini alifurahi mno. Jioni alipita dukani akajinunulia keki.

Karatasi ya kumi na moja haikuwa yake. Nguzo nne za katikati ya wodi zilikuwa zimebaki mbili, na jengo lilikuwa limesimama hivyo tangu mwaka uliopita, mkandarasi akibana nondo na wakubwa wakifumba macho.

Wiki ya tatu baada ya kufunguliwa, saa za kutazama wagonjwa, dari ilishuka. Wazazi watatu walitolewa wakiwa maiti.

Alikwenda kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Mchoro wangu una nguzo nne."

"Mchoro wako upi, shemeji? Ofisi ina mmoja tu. Una sahihi yako."

"Na ule wa kwanza?"

"Stoo ilisafishwa." Alikuwa akipanga kalamu zake, hakuinua uso. "Tume ya uchunguzi inakaa Alhamisi. Jitayarishe."

Mdogo wake alimfuata nyumbani siku hiyohiyo, macho mekundu.

"Dada, kubali tu kwamba ulipitiwa. Watakuonea huruma, wewe ni mwanamke. Mume wangu akifungwa, wanangu nawapeleka wapi? Wewe huna anayekutegemea."

Alisema hivyo akiwa amemshika mkono, na hakuuachia.

Jumatano alikwenda kwenye jengo kwa miguu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika pale. Getini bado palikuwa na lile bango kubwa la kuorodhesha wahusika wa ujenzi. Fundi rangi alikuwa amepita asubuhi: mkuu wa idara, mhandisi, mkandarasi, wote wamefunikwa rangi nyeupe ambayo ilikuwa haijakauka. Umeachwa mstari mmoja tu, wa msanifu.

Bibi mmoja aliyekuwa amesimama hapo na kifurushi cha nguo za mtoto mchanga alimgusa mkono.

"Mwanangu, macho yangu hayaoni vizuri. Binti yangu alikuwa humo ndani. Hebu nisomee, wamemwandika nani?"

Akalisoma jina lake: la kwake, la baba na la babu.

"Rudia, mama," bibi akasema, midomo yake ikilijaribu jina polepole. "Nataka nilishike, nisije nikalisahau."

Akarudia.