Miguu ya Tangi Yavamia Bwalo

Kwa heshima na taadhima, mimi Aidani Mbilinyi wa kidato cha tatu nautangazia umma kwamba nimeshuhudia tukio kubwa kuliko yote katika historia ya shule yetu. Nililishuhudia nikiwa nimelala, mdomo wazi, mate shavuni.

Usiku wa jana niliota mnara wa tangi la maji umeingia bwaloni saa ya chakula cha mchana. Unainama mlangoni, maana una adabu, kisha miguu yake minne ya chuma inapanga foleni ya ugali. Hakuna anayeshangaa. Mpishi anauliza tu kama imekuja na sahani.

"Hatukuja kula!" unafoka mguu wa kwanza. "Tunamtaka aliyetuvisha nguo juu ya vidonda!"

Rangi inaning'inia miguuni kama gamba la nyoka. Mbele ya miguu hiyo amesimama Fundi Kihwelo, mpaka rangi wa shule, ambaye mkuu wa shule anamfukuza asubuhi hii kwa ajili ya rangi hiyo hiyo. Ameshika brashi kifuani kama mtu aliye msibani.

Kopo la rangi linapanda mezani, linajisoma: "Sugua kutu yote kwa msasa. Paka mkono wa kwanza, subiri ukauke. Paka wa pili. Jua na mvua havitanigusa miaka kumi."

"Nani alisugua?" unauliza mguu wa pili.

Fundi anageuka kunitazama mimi.

Bwalo sasa ni uwanja wa paredi. Kutu anashuka kutoka kwenye chuma, mzee nadhifu wa koti la kahawia, ananipa mkono mbele ya shule nzima.

"Aidani mwanangu, nimekuja kukushukuru. Ulipewa adhabu ya kunisugua, ukalala kivulini, ukanifunika mkono wa kwanza wa rangi kama blanketi. Fundi ukamwambia chuma kiling'aa kabla hujapaka. Miezi miwili nimekula raha mustarehe."

"Mzee, mimi sikujui."

"Mwongo!" inanguruma miguu yote minne. "Tunawabebea maji ya kunawa, halafu unatulaza na huyu mlafi?"

Msasa unanidaka kiwiko. "Sheria ni sheria," unasema, unasugua. Unatazama. "Huu uongo umeingia ndani. Geuka."

Naamka napiga kelele. Mwalimu Sanga wa zamu amesimama kando ya kitanda changu, macho mekundu kwa hasira.

"Mbilinyi! Tangu kengele ilie unapayuka 'sikusugua, sikusugua'. Hukusugua nini?"

Nilikuwa na uongo wa aina tatu, wote mzuri. Lakini kiwiko kilikuwa kikiwaka moto. Kimechubuka mistari iliyonyooka, na shuka lina unga mwekundu. Dirishani namwona Fundi Kihwelo anafunga brashi zake kwenye kiroba.

"Miguu ya tangi, mwalimu. Fundi aliniuliza mara mbili, nami nikamdanganya mara mbili. Mrudisheni kabla hajafika getini. Wa kufukuzwa ni mimi."